Bruchi ya Bati

Chepkoech alikuwa amekwama na wafu wake. Ndivyo alivyomwambia Maman Marie-Claire siku ile saluni, kichwa kimevutwa nyuma, nusu kimesukwa na nusu nywele zimesimama kama za mtu aliyepigwa shoti ya umeme. Wateja waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi wakasogea kidogo, kila mmoja upande wake.

"Wafu gani tena, petite?" aliuliza Marie-Claire bila kuacha kusuka. Mama huyu wa Bukavu alikuwa na vidole vyepesi na masikio mapana, na hakuna habari ya Wakongomani wa Durban iliyopita mtaa wa Berea bila kutua kwanza saluni kwake.

"Si wao wenyewe, Maman. Mapambo yao."

"Ah bon. Mapambo." Wateja wakarudi walipokuwa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika makaburi ya kale ya Ulaya ya kaskazini, ya karne ya sita hivi, watu walizikwa na nguo zao za heshima, na nguo hizo zilibanwa kwa bruchi, yaani pambo la madini lenye pini nyuma, la kufungia joho begani au kifuani. Nguo zikaoza, wenyewe wakaoza, bruchi zikabaki. Jumba moja la makumbusho la huko lilikuwa limekiazima chuo kasha dogo la bruchi kama hizo, na Chepkoech, aliyetoka Bomet kuja kusomea shahada ya uzamivu, ndiye aliyekabidhiwa kuzichunguza. Zimeundwa kwa madini gani? Na kwa nini nakshi zake zimelika na kuwa laini sehemu za juu, wakati kwenye mabonde ya nakshi bado ni kali kama zimetoka kiwandani jana?

Msimamizi wake, Profesa Nigel, Mkenya mwenzake aliyekaa Durban mpaka akaanza kusema eish hata usingizini, alikuwa na jibu lake tayari: joho. Kwamba sufu nzito ya joho ilikuwa ikisugua bruchi kila mwenyewe alipotembea. Basi wakamtafuta fundi mmoja huko Queensburgh, kazi yake kutengeneza vitasa vya milango, akawafulia nakala za bruchi zile kwa kufuata vipimo vya maabara. Zikatoka nzuri, nyeupe, zinang'aa kama fedha. Ilibaki watu wazivae mpaka zilike, kisha zilinganishwe na zile za kaburini chini ya hadubini.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Profesa alijitolea kuwa wa kwanza. Alijifunika blanketi la sufu, akalibana kwa bruchi, akaanza kuzunguka chuoni na joto la Februari, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Walinzi walimkamata mara mbili. Mara ya tatu walimwita daktari. Baada ya hapo nakala waligawiwa wanafunzi, na wanafunzi ni wanafunzi: mmoja aliipoteza ufukweni, mwingine alionekana akifungia nayo mfuko wa mkate.

"Aki Maman, sina watu," alisema Chepkoech. "Nahitaji mtu anayevaa sufu Durban hii, kila siku, bila kulazimishwa. Mtu kama huyo hayupo."

Marie-Claire aliacha kusuka. Akamgeuza kichwa kwa mikono miwili, wakatazamana.

"Petite," alisema, "weye haujawahi kuja kanisani kwetu?"

*

Kanisa la kina Marie-Claire lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi kule Sydenham, ukumbi ambao siku za wiki ulitumika kwa karate, kwa hiyo wahubiri walihubiri chini ya picha ya mtu anayerusha teke. Chepkoech alipofika Jumapili iliyofuata, alisimama mlangoni akasahau hata kusalimia. Wanaume walikuwa wamevaa suti za sufu, vizibao, skafu za hariri, wengine na glavu. Nje jua lilikuwa likiyeyusha lami. Wao walikuwa wamekauka kama wako kwenye jokofu.

"Karibu, dada," ilisema sauti nzito. "Kiti ya mbele ao ya kati?"

Huyo alikuwa Baudouin. Siku za wiki alikuwa fundi simu mjini, kwenye kibanda cha upana wa meza moja. Jumapili alikuwa mkuu wa protokoli, wale wanaopokea watu mlangoni na kuwapangia viti, na cheo hicho alikibeba kama balozi. Siku hiyo alivaa suti ya vipande vitatu rangi ya haradali, soksi za zambarau, na viatu vya ngozi ya mjusi. Hakuwa anatembea, alikuwa anaonyesha viatu. Kila hatua ilikaa hewani kidogo ili asiyeviona avione.

Baada ya ibada, Marie-Claire aliwakusanya wanaume wa protokoli na wa kwaya, na Chepkoech akafungua boksi la bruchi. Baudouin alichukua bruchi moja kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii iko ya Ulaya?"

"Mtindo wake ni wa Ulaya, Papa Baudouin. Wa karne ya sita."

"Ya sita!" Baudouin alimgeukia jirani yake, mwimbaji wa besi aliyeitwa Elysée. "Unasikia? Weye tai yako ni ya mwaka gani?"

Chepkoech akaeleza masharti. Bruchi ivaliwe kifuani kushoto, kila siku. Isivuliwe ila wakati wa kulala. ("Na kuoga," aliongeza Marie-Claire, aliyewajua watu wake.) Isiazimwe. Na, hili ndilo kubwa, isisafishwe kabisa, kwa sababu wakiisafisha watafuta alama ambazo yeye anazitafuta.

"Hata kupangusa?" aliuliza Baudouin.

"Hata kupangusa."

"Ikipata vumbi?"

"Vumbi ni data, Papa."

Baudouin alimtazama kama mtu aliyeambiwa asile mpaka Krismasi. Kisha akasema "bon", sawa, lakini macho yake hayakusema bon.

Wiki zikaenda, na Chepkoech akaanza kulala vizuri. Kila alipopita mjini aliziona bruchi zake zikitembea. Elysée aliivaa akiuza viazi. Mpiga gitaa aliivaa akipaka rangi nyumba za watu. Na Baudouin aliivaa kwenye kibanda chake juu ya suti, akiwaeleza wateja, huku akibadilisha vioo vya simu zao, kwamba pambo hili lilikuwa la wana wa wafalme, na kwamba limemfikia yeye kwa njia ambazo hawezi kuzisema hadharani. Watu walikuwa wakipeleka simu nzima kutengenezwa ili tu walione.

Tatizo lilianzia kwa Chepkoech mwenyewe. Siku moja saluni, mteja mmoja alimuuliza zile bruchi zilipatikana wapi, naye, akiwa na kichwa ndani ya mashine ya kukaushia na hasikii vizuri, alijibu kwa sauti kubwa: "Makaburini!" Alifikiri ameulizwa zile za makumbusho. Yule mteja hakusubiri nywele zake zikauke.

*

Jumapili iliyofuata Chepkoech alikuwa bado na kikombe cha chai mkononi simu ilipolia.

"Petite, kuja mbio," alisema Marie-Claire kwa kunong'ona. "Wanaombea vitu yako."

"Si ni vizuri, Maman?"

"Wanaombea na mafuta."

Chepkoech aliacha chai, akaacha na mlango wazi. Mafuta! Uso wa madini aliotaka kuupima kwa vipimo vidogo kuliko unywele, waumwagie mafuta! Aliita gari kwa simu, na kila robot, yaani taa ya barabarani, kutoka Berea hadi Sydenham ilikuwa nyekundu. Alipoingia ukumbini, bruchi zote zilikuwa kwenye beseni la plastiki la kufulia, zinaogelea. Pasteur Anicet, mtu mfupi mwenye mapafu ya mtu mrefu, alikuwa amesimama juu ya beseni na chupa mkononi.

"Toka!" alikuwa akiunguruma. "Roho ya karne ya sita, toka! Rudi Ulaya! Hauna viza!"

"Amina!" ukumbi ukaitika.

"Pasteur, usimwage tena!" Chepkoech alipiga kelele akikimbia kati ya viti. "Hizo hazijawahi kuingia kaburini! Zimetengenezwa Queensburgh!"

Chupa ilibaki hewani.

"Queensburgh gani?"

"Queensburgh hii, Pasteur, ya kuelekea Pinetown. Kwa fundi wa vitasa."

"Sasa mufu iko wapi?"

"Hakuna maiti. Za makaburini ziko chuoni, zimefungiwa. Hizi ni nakala."

"Hata mufu mumoja hakuna?"

"Hata mmoja."

"Alléluia!" alipaza sauti Pasteur Anicet, akageuka akambusu mtu wa karibu, ambaye alikuwa mpiga ngoma. Kwaya ikalipuka. Akina mama wakapunga vitambaa. Elysée alichota bruchi yake kwenye beseni, akaibana kifuani ikiwa inachuruzika, akaanza kucheza. Chepkoech alisimama katikati ya furaha hiyo akitazama miezi ya kazi yake ikidondoka matone sakafuni.

Mtu mmoja tu hakucheza. Baudouin alikuja taratibu mpaka mbele ya beseni, leo na suti ya bluu ya bahari na mkanda wa protokoli begani.

"Dada. Nakala, maana yake ni kopi?"

"Ndiyo, Papa Baudouin."

"Kopi, maana yake ni feki?"

"Kwenye sayansi hatusemi hivyo. Tunasema ni mfano uliotengenezwa kwa…"

"Dada. Iko ya kweli ao iko feki?"

"Feki," alisema Chepkoech.

Kwaya ilikuwa imeanza kupunguza sauti ili isikie vizuri.

"Mufu nilikuwa nimemukubali," alisema Baudouin. "Miye nilisikia toka juzi kwamba hii kitu ni ya mufu. Nikasema, bon, mufu naye alikuwa mutu. Alijua kuvaa, amekufa, ameniachia miye. Nikamwambia merci. Mais feki? Ya fundi wa kitasa? Miye, Baudouin, toka Lubumbashi mpaka hapa sijavaa feki hata chini ya shati!"

Alivua mkanda wa protokoli, akaukunja mara nne, akauweka kando ya beseni. Kisha akatoka. Hata kwa uchungu wote ule hakusahau kutembea polepole, kila kiatu kikikaa hewani kidogo.

*

Mjini habari ilimtangulia. Jumatatu watu walimwita Mwana wa Mfalme wa Queensburgh. Jumanne walifupisha wakamwita Kitasa. Vijana wa vibanda vya jirani walikuwa wakimpa mkono wa salamu, kisha wanaukandamiza mkono wake chini na kumsukuma kifuani kidogo, kama wanafungua mlango. Baudouin alivumilia. Alianza kuja kazini na suti ya kijivu.

Chepkoech naye alikuwa maabara, amejifungia na kiowevu cha kusafishia na vijiti vya pamba, akiondoa upako wa Pasteur Anicet bruchi moja baada ya nyingine. Alikuwa amekwishakubali kwamba kazi imeharibika. Lakini kwa kuwa mtu aliyelelewa Bomet hatupi chakula hata kikiungua, aliziweka hivyo hivyo chini ya hadubini.

Ya Elysée ilikuwa na mikwaruzo midogo iliyokwenda kila upande, kama kuku wamechakura uani. Ya mpiga gitaa vilevile, pamoja na rangi ya ukuta. Nakshi zake, juu na chini, zilikuwa zimefifia kidogo tu. Akaweka ya Baudouin. Akatazama. Akaondoa jicho, akalipangusa, akatazama tena.

Sehemu za juu za nakshi zilikuwa laini kabisa, na juu ya ulaini huo kulikuwa na mistari myembamba, yote imelala upande mmoja, juu na chini, kama shamba lililolimwa kwa trekta. Alikuwa ameiona mistari hiyo mahali. Alikwenda kwenye kabati, akafungua kasha la makumbusho, akaiweka bruchi moja ya kaburini kando ya ile ya Queensburgh.

Shamba lile lile.

"Prof!" alipiga kelele. "Prof, njoo! Si joho!"

Profesa Nigel alikuja, akainama, akakaa ameinama muda mrefu. Mtu anayeaga nadharia yake lazima apewe nafasi.

"Inaweza kuwa bahati tu," alisema mwishowe. "Huyu bwana aliifanyia nini?"

"Sijui. Niliwakataza wote wasifanye chochote."

"Basi kamuulize."

Kumuuliza ndiko kulikuwa kazi. Chepkoech alipofika kwenye kibanda, Baudouin alikuwa ameinamia simu ya mama mmoja wa Kizulu, na hakuinua kichwa.

"Papa Baudouin, shikamoo. Naomba kukuuliza jambo."

"Mama," Baudouin alimwambia mteja wake kwa Kiingereza cha taratibu, "please tell this sister I am not here."

"He says he is not here," mama alimwambia Chepkoech, akiwa ameanza kufurahia.

"Mwambie nimekuja kwa heshima."

"Eish, mina I don't speak that one," alisema mama.

Chepkoech aliegemea meza. "Papa Baudouin, nilikosea. Ningekuambia tangu mwanzo. Sasa nataka nikuonyeshe ya kweli."

Bisibisi ilisimama.

"Ya kweli ya kweli?"

"Ya kaburini."

Baudouin aliirudisha simu kwa mwenyewe bila kifuniko cha nyuma. "Nipe dakika ya kubadilisha suti," alisema.

*

Alifika chuoni na suti nyeupe, kofia nyeupe, na fimbo asiyoihitaji. Profesa Nigel alimpokea akiwa na kaptura, ndala, na fulana ya mkutano fulani wa zamani iliyotoboka kwapani. Baudouin alimpa mkono kwa adabu zote, kisha akamvuta Chepkoech pembeni.

"Ndiye profesa?"

"Ndiye."

"Ana matatizo nyumbani?"

"Hapana, Papa. Anavaa hivyo tu."

Baudouin alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa.

Bruchi ya kaburini ililetwa kwenye kitambaa laini. Baudouin alivua kofia. Ilikuwa ndogo kuliko alivyowazia, imepinda kidogo, ina kutu ya kijani pembeni, lakini katikati bado ilimeta ule weupe wa mbali. Alitaka kuishika, akakatazwa, akaridhika kuinama mbele yake mikono nyuma.

"Voilà," alisema kwa sauti ya kanisani. "Fedha ya zamani. Unaona tofauti? Mutu hawezi kunidanganya."

Chepkoech na profesa walitazamana.

"Tuipime mbele yake," alisema Profesa Nigel.

Waliiweka chini ya mashine ya eksirei, ile inayopiga miale juu ya kitu na kusoma madini yake bila kukikwaruza. Kwenye kioo milima midogo ya rangi ikaanza kuota. Chepkoech akaisoma mmoja mmoja, kwa kuwa kwake hili lilikuwa jambo la kila siku, la kawaida kiasi kwamba hakuwahi kufikiri kumtajia mtu.

"Huu ni shaba. Huu zinki. Huu mdogo ni risasi. Na huu hapa, wa juu, ni bati."

"Na fedha iko wapi?"

"Haina fedha, Papa Baudouin. Ndani ni mchanganyiko wa shaba. Juu walipaka bati ili ionekane kama fedha."

"Bati? Ile ya kuezeka nyumba?"

"Bati lenyewe lile la madini. Lakini ndiyo, bati."

Baudouin aliitazama mashine, akaitazama bruchi, akaitazama tena mashine kama mtu anayesubiri iombe radhi.

"Weye unaniambia," alisema pole pole, "kwamba huyu bwana alivaa feki?"

"Mpaka kaburini."

"Na mazishi, batu walikuja, wakalia, wakaangalia, wakasema, tazama fedha yake?"

"Inawezekana sana."

"Na siri imekaa mpaka leo?"

"Miaka elfu moja na mia nne na ushei," alisema Profesa Nigel.

Kicheko cha Baudouin kilianzia tumboni. Kilimpanda mpaka mabegani, kikamwangusha kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, na kiti kikamrudisha nyuma mpaka kikagonga jokofu la sampuli. Alicheka mpaka machozi yakalowesha skafu. Chepkoech alianza kucheka naye bila kutaka, na profesa akafuata, na mtu wa maabara ya jirani akaja kuwaomba wapunguze.

"Chapeau!" alisema Baudouin alipopata pumzi, akaipungia kofia ile bruchi. "Chapeau, grand frère, heshima yako kaka! Elfu moja na mia nne! Miye walinikamata kwa miezi mitatu!"

Chepkoech aliona saa yake imefika. Alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Papa Baudouin. Sasa niambie ukweli. Bruchi yako uliisafisha?"

"Ulikataza."

"Najua nilikataza. Uliisafisha?"

Baudouin alitazama fimbo yake. Alitazama dirisha. "Kidogo," alisema.

"Kidogo vipi?"

"Asubuhi na jioni."

"Ee! Kwa nini usiniambie?"

"Dada, ningelalaje? Kitu iko kwa kifua yangu, batu wanaangalia, na iko na vumbi?" Alishusha sauti. "Kwa dawa ya meno. Na kile kitambaa cha kupangusia kioo ya simu. Juu na chini, juu na chini. Hata nikiwa naomba."

Chepkoech aliinuka akamkumbatia, suti nyeupe na vyote, na Baudouin, aliyekuwa amejiandaa kugombezwa, alibaki mikono imenyooka kama mtu anayepimwa na fundi cherehani.

Maana jambo hilo ndilo lililokuwa limemkwamisha Chepkoech tangu mwanzo. Bruchi ya yule mtu wa karne ya sita haikuwa imelika kwa bahati mbaya chini ya joho. Alikaa akaisugua mwenyewe, labda kwa majivu, labda kwa chokaa, asubuhi na jioni, juu na chini, mpaka bati lake likaanza kwisha na shaba kuchungulia. Chepkoech alikuwa amekaa mwaka mzima na mapambo ya watu hawa bila kuwafikiria kama watu. Sasa alimwona mmoja wao wazi kabisa: amekaa mlangoni kwake, ulimi nje kidogo, anasugua, akiomba Mungu mgeni asije karibu sana.

"Moja haitoshi," Profesa Nigel alikata furaha. "Ya kwake peke yake ni hadithi. Nataka kundi la wanaosugua na kundi la wasiosugua."

*

Kuunda makundi hayo kulikaribia kulivunja kanisa. Chepkoech aliporudi Sydenham na nakala mpya na maelezo mapya, kila mtu alitaka kundi la kusugua. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyekubali kuwa kundi la uchafu.

"Si uchafu," alijaribu Chepkoech. "Ni kundi la ulinganisho."

"Kundi la ulinganisho na vumbi," alisema Elysée. "Mimi nina mchumba."

Wakavutana mpaka Pasteur Anicet akasimama. Alikuwa bado na aibu kidogo kuhusu mafuta, na alitafuta namna ya kulipa. Akatangaza kwamba waimbaji wote wanaochelewa mazoezi wataingia kundi la vumbi mpaka watubu. Ilikuwa hukumu ya haki. Besi nzima ikaingia. Inasemekana kwaya haijawahi kuwahi mazoezi kama msimu ule, jambo lililompa Chepkoech hofu ya kuishiwa na watu wachafu, ikabidi Marie-Claire awe anawachelewesha wengine makusudi kwa kuwaagiza vitu dukani.

Baudouin alirudishiwa mkanda wake wa protokoli. Alikubali bruchi mpya kwa sharti moja, kwamba mtu akimuuliza atasema ukweli: kwamba ni feki, ya Queensburgh, imefuata feki nyingine ya kale na yenye heshima. Walipojaribu tena kumwita Kitasa, aliwasimulia habari ya yule bwana wa kaburini kwa urefu mkubwa, na wakaacha, kwa sababu kila aliyemwita hivyo alilazimika kuisikiliza mpaka mwisho.

Miezi ilipopita na bruchi zikarudi hadubini, mistari ya shamba ilikuwepo kwa wote waliosugua na haikuwepo kwa wote waliochelewa. Chepkoech aliandika sura yake, na siku ikafika ya kuisoma mbele ya idara.

Ukumbi ulijaa. Wanaidara walikaa mbele na madaftari yao. Nyuma yao walikaa protokoli na kwaya nzima, hariri na sufu, glavu na kofia, wakinukia mpaka koridoni. Chepkoech alisoma akaeleza, akaonyesha picha, akamaliza. Ndipo akasimama Dokta Tiffany, mtaalamu mgeni wa madini kutoka Nairobi, mama mwenye miwani ya kuning'inia na sifa ya kuwaliza watahiniwa.

"Mikwaruzo nimeiona," alisema. "Data yako ni safi. Ninachouliza ni hiki: mtu afanye hivyo kwa nini? Pambo linafifia kadiri unavyolisugua. Bati linaisha. Hakuna mtu mwenye akili atakayeharibu kitu chake kila siku kwa mkono wake mwenyewe."

Chepkoech alifungua mdomo kujibu, lakini kiti cha nyuma kilikwaruza sakafu. Baudouin alikuwa amesimama. Siku hiyo alivaa suti ya waridi. Aliweka mguu mmoja mbele, kiatu kikakaa hewani kidogo, kikatua. Akafungua kifungo cha koti, akavuta tai, akageuka taratibu mzunguko mzima, bitana ya hariri ikamulika chumba, akakaa.

Dokta Tiffany aliyafuata yote hayo kwa macho, kisha akavaa miwani yake vizuri.

"Nimeelewa," alisema. "Swali linalofuata."

Wakampigia Chepkoech makofi, na kwaya, isiyojua kupiga makofi bila kuimba, ikaimba. Sura ilipita bila masahihisho makubwa, ila profesa aliagizwa aondoe kurasa zake zote kuhusu joho.

Lakini aliyebadilika kuliko wote alikuwa profesa mwenyewe. Baada ya kikao alionekana kwenye kona na Baudouin, wakinong'ona, Baudouin akimpima bega kwa kiganja. Jumamosi walikwenda mjini wawili. Jumatatu Chepkoech alikuwa mezani mlango wa maabara ulipofunguliwa, akaingia mtu wa suti ya kijani cha parachichi, shati la maua, na suruali iliyobana mpaka magoti yakaonekana kama ndimu.

"Prof?"

"Niite Nigel," alisema Profesa Nigel, akivuka chumba kwa hatua moja moja. Alifika kwenye hadubini. Akajaribu kuinama. Kitu fulani nyuma yake kilitoa mlio mdogo wa uzi unaokatika, akanyooka haraka, akashika meza kwa mikono miwili na kutazama ukuta.

"Chepkoech," alisema kwa utulivu mkubwa, "hebu nitazamie, kisha uniambie umeona nini."